Anayesoma, anayelipa na anayepika: niliyojifunza nikiandika maelezo ya bidhaa mtandaoni

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Baada ya hapo Kariakoo ilijaa majiko. Kila mwenye fremu ya vyombo alitafuta kitu cha kuingiza: mitungi midogo ya gesi, majiko ya sahani, presha kuka za umeme. Mamdogo wangu, mwenye duka la vyombo vya jikoni hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, naye akachukua mzigo wa presha kuka za lita 6. Kisha akanipigia simu. "Mwanangu, wewe ndiye unayejua kuandika. Niandikie maneno ya mtandaoni, huu mzigo utoke kabla kodi ya fremu haijafika."

Kuandika ndiyo kazi yangu. Lakini kumwandikia mtu anayesoma kwenye simu ndani ya daladala, asiyeweza kuinua mfuniko wala kupima uzito wa kitu kwa mkono, ni kazi ya namna yake. Naandika haya kwa ajili ya ndugu zangu mnaouza vitu Instagram na WhatsApp hapa Dar, mnaoona picha zinapendwa, maswali yanamiminika, na mzigo umekaa palepale.

Tulianza na maelezo yaliyokuja na mzigo, ambayo karibu kila duka lilikuwa linayatumia: lita 6, wati 1000, programu 14, sufuria ya ndani isiyogandisha, teknolojia ya kisasa, inapika kila kitu. Juu yake likawekwa "Mashosti wangu, mpooo?" na chini yake "Bei njoo inboksi". Tukalipia matangazo, tukachagua wanawake wa miaka 18 hadi 45 walioko Dar es Salaam. Laki tatu na nusu zikaenda hivyo. Watu walibonyeza moyo, wakauliza bei, wakajibiwa, wakanyamaza. Maboksi yalipangwa mpaka karibu na dari, na mamdogo, ambaye ni mcheshi kwa asili yake, alianza kuwa mkimya. Zilikuwa wiki ngumu. Nilikuwa nikilala nikiwaza pesa ya mtu mzima niliyemheshimu tangu utotoni, iliyofungwa ndani ya maboksi.

Jioni moja nilikaa na simu ya duka na kaunta buku mpya. Nikaanza kunakili kila swali lililowahi kuingia, neno kwa neno, hata pale herufi zilipokosewa. Nakushauri ufanye hivyohivyo, na usisahihishe chochote. Hakuna hata mteja mmoja aliyeuliza kuhusu "matumizi ya nishati". Waliuliza, "Inakula umeme?" Hakuna aliyeuliza "mifumo ya usalama". Waliuliza, "Hailipuki?" Hakuna aliyetaka kujua programu 14 ni zipi. Waliuliza kuhusu maharage, makande, na nyama ya ng'ombe ngumu. Maneno ya kuandikia tangazo yalikuwa tayari yameandikwa na wateja wenyewe, yamelala inboksi.

Swali la umeme lilijaza kurasa. Kwa haraka lilionekana ni swali moja, lakini nilipoyasoma tena kwa utulivu, nikifuata mazungumzo yalipoishia, nikaona wanaouliza hawafanani.

Yupo mwenye mita yake ambaye yuko kwenye kundi la matumizi madogo. Huyu hununua uniti ya LUKU kwa takribani shilingi 122, kodi na tozo zikiwa ndani, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Aliye kwenye kundi la kawaida hulipa takribani shilingi 356 kwa uniti hiyohiyo. Kwa hiyo mtu wa kundi la chini anapouliza "inakula umeme?", hawazii tu sufuria ya leo. Anaogopa kuvuka mpaka na kujikuta ananunua uniti kwa bei inayokaribia mara tatu. Ukimjibu "umeme kidogo sana dada", hujamjibu kitu.

Yupo mpangaji wa chumba na sebule, Mbagala au Manzese au Tandika, ambako nyumba nzima ina mita moja na pesa ya LUKU huchangwa. Kwake umeme si gharama tu, ni ugomvi. Mmoja aliandika, "Nikiingia na hiyo ndani mama mwenye nyumba atasema nichangie kama watu wawili." Ujumbe huo niliusoma mara nyingi. Dada yule pesa alikuwa nayo na kifaa alikitaka. Aliyekuwa anamzuia ni mtu mwingine ambaye hajawahi kuliona tangazo letu na hatalisoma kamwe.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi yangu. Wauzaji tunasema "mteja" kana kwamba ni mtu mmoja. Mara nyingi kuna anayesoma, kuna anayelipa, kuna atakayepika, na kuna anayetoa ruhusa. Kila mmoja ana hofu yake, na maelezo ya bidhaa yanayofaa ni yale yanayompa msomaji kitu cha kuwapelekea hao wengine.

Nilichukua presha kuka moja nikaipeleka nyumbani Tabata. Nikazima friji, feni, taa, kila kitu. Nikaandika namba iliyokuwa kwenye mita, nikapika nusu kilo ya maharage niliyoyaloweka usiku, nikasoma mita tena. Haikufika nusu uniti. Sababu yake si muujiza: kifaa cha wati 1000 kikiwaka saa nzima bila kukata hula uniti 1, lakini presha kuka hujikata yenyewe presha ikishajaa, kisha huwaka kidogokidogo kuishikilia, na joto halipotei hewani kama kwenye jiko la sahani. Nikaandika: "Maharage nusu kilo yaliyolowekwa, chini ya nusu uniti. Pima mwenyewe kwenye mita yako." Nikaweka na picha mbili za mita, kabla na baada ya kupika, ili mpangaji awe na kitu cha kumwonyesha mama mwenye nyumba.

Ile posti ilipata mioyo michache kuliko zote zilizotangulia. Ilikuwa ndiyo ya kwanza kuuza. Tangu siku hiyo sihesabu mioyo.

Hofu ya kulipuka nayo ilihitaji heshima. Wengi wanaikumbuka presha kuka ya zamani, ile ya kuweka juu ya jiko, ilivyokuwa ikipiga mluzi jikoni huku watoto wakifukuzwa. Kumwambia mtu huyo "ni salama asilimia mia" ni kumdharau. Niliandika kinachofanyika: mfuniko hujifunga na haufunguki presha ikiwa ndani, na kuna tundu la kutolea mvuke. Halafu nikaandika na sehemu yake yeye: usijaze zaidi ya theluthi mbili, kwa maharage na vinavyotoa povu isizidi nusu, safisha lile tundu, na usilazimishe mfuniko hata kidogo. Mamdogo aliogopa kwamba maonyo yatafukuza watu. Ilikuwa kinyume. Mtu akiona umemwambia na la hatari, analiamini na lile la faida.

Kisha nikaomba nafasi ya kusimama kaunta siku za Jumamosi. Tulikuwa tumeshalipia matangazo yaende kwa wanawake tu, na kweli inboksi ilijaa majina ya kike. Lakini waliokuja dukani kulipa hawakuwa hao peke yao. Vijana wa kiume walikuwa wengi: anayefanya kazi bandarini, mwalimu, wa bodaboda. Mmoja alimwamkia mamdogo shikamoo, akasimama akilitazama boksi kwa muda, kisha akanigeukia. "Dada, mama yangu yuko Songea. Ataiweza hii?"

"Anasoma Kiswahili vizuri?"

"Anasoma, ila miwani imepotea. Na mimi sipo wa kumwelekeza."

Kwa kijana yule, wati na lita havikuwa na maana yoyote. Alikuwa anataka mama yake aache kukaa kwenye moshi wa kuni, na alikuwa anaogopa zawadi itawekwa juu ya kabati kwa sababu vitufe vyake ni vya Kiingereza. Tulichapisha karatasi ya Kiswahili yenye maandishi makubwa, kitufe kwa kitufe: hiki maharage, hiki nyama, hiki wali. Ikaelezwa na umeme ukikatika katikati ya kupika: acha kama ilivyo, usifungue, joto lililomo linaendelea kuivisha kwa muda. Gharama ya kuchapisha ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na ile laki tatu na nusu. Kisha nikaandika posti inayomsemesha mtoto aliye Dar: mama yako atabonyeza kitufe kimoja, maelekezo ya Kiswahili yamo ndani ya boksi, mzigo tunaufikisha stendi ya Magufuli pale Mbezi na kukutumia picha ya risiti ya basi.

Na "Mashosti wangu" ikaondoka. Sina ugomvi na neno lenyewe, ni zuri kati ya watu wanaojuana. Ila kijana wa bandarini akilisoma ni kama mtu aliyepiga hodi akaambiwa humu ni baraza la akina mama. Anarudi nyuma kwa adabu. Siku hizi posti ya wazi haina jina la kumwita mtu, inaingia moja kwa moja kwenye maharage. Heshima tunaiweka kwenye mazungumzo ya mmoja mmoja, kwa jinsi mtu alivyotuamkia: akija na "habari dada" tunamjibu dada au kaka, akiwa mtu mzima anaanza kupewa shikamoo yake kabla ya bei.

Kuna swali jingine lililokuwa likijirudia: "Mnapatikana wapi?" Tulikuwa tukijibu "Kariakoo" na mazungumzo yanakufa. Nilipowapigia baadhi yao niligundua wengi hawakuwa na nia ya kuja kabisa. Walikuwa wanauliza kama sisi ni watu wa kweli. Utapeli wa mtandaoni umeumiza wengi mjini hapa, na mtu aliyewahi kutuma pesa akazuiwa namba hasahau. Kwa hiyo jibu la "mnapatikana wapi" likawa picha ya duka kwa nje, bango linasomeka, jengo la jirani linaonekana. Kwa wa Dar tukaandika kwamba unalipa mzigo ukiwa mkononi mwako. Kwa wa mikoani, wanaolazimika kutanguliza pesa, tulihakikisha jina linalotokea kwenye lipa namba ni lilelile lililoko kwenye bango. Kabla ya hapo lilikuwa linatokea jina la mtu binafsi, na nina hakika wapo waliofika hatua ya kuweka namba ya siri, wakaona jina wasilolijua, wakafuta. Kagua hili leo kama unauza. Jina la kwenye malipo ni sehemu ya maelezo ya bidhaa yako.

Sitaficha yaliyouma. Mteja mmoja wa Kigamboni alirudisha presha kuka yake baada ya siku chache. Alikuwa amenunua kutokana na ile posti ya zamani iliyosema inapika kila kitu, akategemea ugali. Ugali unataka mkono na mwiko, na moto unaouona. Alikuwa na haki, tulimrudishia pesa yake yote na nauli ya boda ya kwenda na kurudi, na kile kifaa tulikiuza baadaye kwa bei ya chini kama kilichotumika. Mamdogo hakuninunia, lakini hasara aliilipa yeye. Nikafuta "kila kitu" kila mahali. Badala yake nikaandika vinavyopikika vizuri, maharage, makande, nyama, supu, wali, na mstari mmoja ulio wazi: ugali na chapati, endelea na jiko lako.

Mstari huo ulitugombanisha kidogo. "Unafukuza wateja, mwanangu," mamdogo alisema. Tukabishana zaidi nilipoongeza kwamba lita 6 inatosha familia ya watu wanne hadi sita, na kwamba mama lishe haitamfaa. Mama lishe kadhaa wa Buguruni na Ilala walikuwa wamekwisha kuulizia. Lakini mtu anayelisha wafanyakazi wa gereji mchana anahitaji chungu kikubwa. Ukimuuzia chombo kitakachomchelewesha na chakula cha saa sita mchana, atawaambia wenzake wote wa sokoni. Kujua msomaji wako ni pamoja na kujua nani umwambie hapana mapema, tena kwa upole.

Jambo lililonigusa kuliko yote lilitoka kwa waliokwisha kununua. Niliomba ruhusa kwao kwa ujumbe, waliokubali nikawapigia. Sikuwauliza kama wameridhika, maana Mtanzania mstaarabu atakwambia ameridhika. Niliuliza, "Siku uliyoamua kununua, ilikuwa imetokea nini?" Uliza hivyo, kisha nyamaza usikilize.

Muuguzi mmoja wa zamu za usiku alinijibu kwa utulivu. Alisema hakununua kwa sababu ya uharaka, kama tulivyokuwa tukitangaza. Alinunua kwa sababu anaweza kuondoka jikoni. Akitoka zamu amechoka, anaweka maharage, anabonyeza, anaoga, analala kidogo na mwanawe. Chakula hakiungui, na hakuna moto wazi mtoto akiamka kabla yake. "Dada, mimi nilinunua usingizi," akasema.

Niliacha kuandika kwa dakika nzima. Sisi tulikuwa tumemwaga maneno ya "dakika 35 tu!" kumbe dakika hazikuwa hoja. Mstari wa kwanza wa posti ukawa: "Weka maharage, bonyeza, nenda kaoge." Instagram hukuruhusu kuandika mpaka herufi 2,200, lakini mtu anayepitapita huona mwanzo tu mpaka abonyeze kuendelea, kwa hiyo mstari huo ndio unaobeba mzigo wote. WhatsApp status nayo hufutika baada ya saa 24, hapo niliweka jambo moja kwa siku: leo picha za mita, kesho karatasi ya Kiswahili, kesho kutwa bei. Video ndefu tuliziacha. Wateja wengi wako kwenye bando la siku, na video inayoganda katikati haimwelezi mtu kitu.

Ukichukua maneno ya wateja, yachukue kwa adabu. Wauzaji wengi hubandika picha za mazungumzo na namba ya mtu ikionekana. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na hata isingekuwepo, mtu aliyekueleza mambo ya nyumbani kwake hakukueleza ili umtangaze. Tunaomba ruhusa, tunafuta jina na namba, na akikataa tunashukuru.

Lililobaki ni bei. Ile "bei njoo inboksi" ina sababu zake, na wafanyabiashara wa Kariakoo si wajinga: jirani akiona bei yako asubuhi, mchana ameshusha ya kwake. Tena mteja akija inboksi unapata nafasi ya kuzungumza naye. Lakini upande wa pili wa simu kuna mtu mwenye aibu ya kuuliza kitu ambacho huenda hana uwezo nacho, na kuna anayeamini bei isiyoandikwa hupangwa kwa kuangalia picha yake ya wasifu. Niliomba tujaribu, mamdogo akakubali shingo upande. Tukaandika shilingi 185,000, na gharama ya kufikisha kwa kila upande wa mji. Ujumbe ulipungua sana, mpaka siku za mwanzo tuliogopa. Ila waliobaki walikuwa wanauliza "Leo jioni mnaweza kuleta Kimara?" Mzigo ulianza kutoka, na kodi ya fremu ililipwa, ingawa kwa kuchelewa.

Bei ya jumla hatuiandiki mpaka leo. Hapo mamdogo alinishinda kwa hoja, na naona alikuwa sahihi. Anayekuja kuchukua katoni kupeleka Mbeya au Kahama ni msomaji mwingine kabisa. Habari za kuoga maharage yakichemka hazimhusu, na bei kwake ni mazungumzo yanayotegemea idadi, msimu, na kama mmeshafanya biashara pamoja. Kwake tuna ujumbe wake wa WhatsApp, mfupi: katoni ina ngapi, dhamana ni ya muda gani, na je, mpira wa mfuniko wa akiba unapatikana, kwa sababu mpira ndio unaochoka kwanza na ndio utakaomrudishia wateja wenye hasira dukani kwake. Tulipouandika huo mstari wa mpira, mteja wa Mbeya alijibu kwa kutuma oda ya mipira kabla ya presha kuka zenyewe.